Pombe Haipashi Mwili Joto Mlimani

Kila Oktoba, majani ya New Hampshire yanapogeuka mekundu na manjano, Waswahili waishio Marekani wanaojiandaa kupanda mgongo wa mlima wa Franconia Ridge huniuliza swali lilelile: "Daktari, nibebe wiski kiasi gani ya kupasha mwili joto?" Usibebe hata tone. Nimeshalijibu mara nyingi mno, na leo nalirefusha jibu kwa sababu imani hii inaua.

Baridi ikikupiga, mishipa midogo ya ngozi hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani, uliko moyo. Pombe huilegeza. Damu hukimbilia kwenye ngozi, na kwa kuwa ngozi ndiyo inayohisi joto na baridi, mnywaji hudhani amepata moto. Hajapata kitu, joto la akiba ndilo linalopeperushwa na upepo. Pombe hiyohiyo hupunguza kutetemeka, ambako ndiko kunakozalisha joto, na huzuia ini kutengeneza sukari wakati mwili unaihitaji kuliko wakati wowote. Kisha huvuruga akili, juu ya mawe matupu ambako kukosea hatua moja kunatosha. Anayesema "mbona mimi nilikunywa na sikudhurika" hakuokolewa na chupa. Na pombe iliyotiwa tangawizi ni pombe.

Wengine hunibishia kwamba Oktoba hakuna theluji. Theluji ya nini? Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi tayari ni hatari, na mvua na upepo vinaweza kulifikisha hapo hata hewa ikiwa na nyuzi 10. Kutoka maegesho hadi kilele cha Mlima Lafayette kwenye mgongo huo, kwenye mita kama 1,600, unapanda zaidi ya mita 1,000, na kwa mwinuko huo hewa hupoa takriban nyuzi 6. Kule juu ya mgongo wa mlima hakuna mti wa kujikinga.

Basi acha fulana ya pamba na jinzi; vaa sufu, chukua koti lisilopitisha upepo wala maji, kofia, glavu, taa ya kichwani, chakula kitamu na chai kwenye chupa. Panda kwa njia ya Falling Waters, ushuke kwa ile ya Old Bridle Path. Mawingu yakifunika kilele, geuka. Mwenzako akitetemeka, akijikwaa na ulimi ukawa mzito, mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na kama anameza vizuri mpeni kinywaji kitamu cha moto. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amelegea, msimsugue wala msimlazimishe kutembea: pigeni 911.