Tata, Mikono Yako Haijazeeka

Pita leo jioni katika barabara za Kapata. Utamuona mzee ameketi mbele ya nyumba, kiti kimeegemea ukuta. Alitumika miaka mingi katika shimo ao katika usine. Ukimsalimu, "Jambo tata, habari?", atajibu, "Tuko tu, mwana." Kisha ananyamaza. Watoto wake wanamuambia kila siku, "Tata, pumuzika, kazi iliisha." Wanasema vile kwa mapendo. Lakini mtu asiyeombwa kitu tena anaanza kufikiri kama yeye mwenyewe hafai kitu.

Mwaka 2003, mpango ulioitwa "départs volontaires" uliondoa wafanyakazi 10,655 wa Gécamines. Wengi wao njo wazee wetu wa leo. Walipoteza mshahara, tena wakapoteza ile furaha ya kusema, "Angalia, mimi njo nilifanya hii."

Furaha ile inaweza kurudi kwa njia ya ufundi: kuchora, kuchonga, kufinyanga udongo, kufuma vikapo, kuimba. Pengine utacheka: "Kuchora? Ile ni mambo ya batoto ya masomo!" Ngoja kwanza.

Kumbuka saloni za wazazi wetu. Katika miaka ya 1970, hapa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, wafanyakazi wengi walitundika ukutani picha za rangi: mamba muntu, fimbo ya wakati wa Wabeleji, Lumumba. Picha za namna ile ziliitwa ukumbusho. Hazikuwa za kupamba nyumba tu. Mgeni akiuliza, "Ile ni nini?", baba anaanza kueleza, na watoto wanasikiliza. Picha njo ilifungua kinywa cha mzee.

Kule Lubumbashi, toka mwaka 2000, maprofesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki walianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Wenyeji waliombwa kuleta vitu vya maisha yao ya kila siku na kueleza habari zake. Vitu vile viliwekwa mbele ya watu wote. Basi, maisha ya mfanyakazi wa kawaida iko na bei. Haifai kuyazika naye.

Na mwili pia unapata faida. Katika mji wa Washington, kule Marekani, daktari Gene Cohen alifuata wazee 166 toka mwaka 2001. Wengine waliingia katika kwaya iliyoongozwa na fundi, wengine waliendelea na maisha yao kama kawaida. Nyuma ya mwaka mmoja, wale wa kwaya walianguka mara chache zaidi, walimeza dawa chache zaidi, na upweke wao ulipunguka. Ufundi hauchukui nafasi ya dawa ao ya pansio. Lakini unamupa mtu sababu ya kuamuka asubuhi.

Utasema, "Lakini tata yangu hakujifunza kuchora." Pilipili Mulongoy, fundi mkubwa wa Katanga aliyechora samaki na ndege, alizaliwa mwaka 1914. Aliingia katika hangari ya Pierre Romain-Desfossés, kule Lubumbashi, alipokwisha kupita miaka 30. Fundi yule hakuwapa watu wake mfano wa kuiga. Kila mmoja alitafuta njia yake.

Sasa wewe utaanza namna gani? Usimuambie mzee, "Chora kitu." Muulize kitu anachokijua: "Tata, chini ya shimo la Kamoto kulikuwa namna gani? Nionyeshe." Mkaa na karatasi vinatosha. Kama mkono unatetemeka, mupe udongo wa kufinyanga, ao muombe wimbo wa zamani. Nkambo mwanamke anajua kikapo ao chungu ambacho wajukuu hawajui tena. Wakae karibu naye wajifunze. Kama mzee anapenda kuchonga malakiti, jiwe liloweshwe maji na kinywa kifunikwe, juu vumbi ni mbaya kwa mapafu. Yule mwenye kukohoa aache jiwe, achukue mti.

Kazi ikiisha, mjukuu aandike nyuma yake jina la mzee, tarehe, na maneno aliyoyasema. Kisha muitundike saloni, hata kama samaki inafanana na kiatu. Msicheke. Siku moja mzee hatakuwako, na ile karatasi itabaki kuongea.

Jumapili hii, nunua daftari moja na kalamu. Vuta kiti karibu na kiti kile cha ukutani. Usiseme tena, "Tata, pumuzika." Sema, "Tata, nionyeshe." Kisha nyamaza wewe, na umusikilize.