Usukani wa Landrova Ukilegea, Anzia Chini

Leo jembe tunaliweka kando kidogo, tuitazame Landrova inayotubebea mazao.

Unaifahamu. Ni ile ya zamani, bati limebonyea lakini injini bado inaunguruma. Pamba ya Nyamuswa huifikisha Bunda, mihogo ya Butiama huifikisha Musoma, na mgonjwa wa usiku huwahishwa hospitali kwa gari hilo hilo. Basi siku moja dereva anakwambia: "Mzee, usukani unacheza. Nauzungusha weee, ndipo gari ligeuke." Jirani anadakia: "Kaza boksi la usukani tu, litapona." Hapo ndipo fedha ya pamba inapoanza kupotea, na maisha ya waliopanda juu ya magunia yanapowekwa rehani.

Tunazungumzia Landrova zenye springi za majani mbele na nyuma, kama zile za Series III zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Katika gari hizi, nguvu ya mikono ya dereva husafiri safari ndefu. Hutoka kwenye usukani, huingia kwenye boksi, hufuata fimbo ya chuma mpaka kwenye silinda ndogo iliyosimama wima katika chesisi, nyuma ya bampa ya mbele. Kutoka hapo fimbo ya pili huenda gurudumuni, na fimbo ya tatu huunganisha magurudumu mawili ya mbele. Kila fimbo ina jointi ya gololi kila mwisho. Jumla ni jointi sita. Kila moja ikilegea kidogo tu, dereva huona usukani mzima umelegea. Je, boksi lina kosa gani hapo?

Kwa hiyo anzia chini. Teremsha mzigo, weka gari mahali pa tambarare. Kwanza tazama matairi. Upepo uwe sawa kulia na kushoto, na nati zote za magurudumu ziwe zimekazwa. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande mmoja, na watu wengi wamenunua vyuma bure kwa sababu ya pampu ya upepo.

Pili, tafuta mwenzako. Injini izimwe, magurudumu yawe ardhini yakitazama mbele. Mwenzako azungushe usukani taratibu, kushoto na kulia, bila kulazimisha magurudumu. Wewe shika jointi moja moja kwa kiganja. Upande mmoja wa jointi ukienda na wa pili ukachelewa, umempata mwizi. Itie alama ya chokaa. Usiishie hapo, maana wezi wanaweza kuwa wawili. Ikague na ile silinda ya wima: mkono wa juu ukigeuka, wa chini ugeuke papo hapo.

Tatu, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Tahadhari, ndugu yangu! Breki ya mkono ya Landrova hizi hushika shafti inayokwenda nyuma, haishiki gurudumu lenyewe. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki ardhini, na gogo imara chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Sasa shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki kwa nguvu. Mchezo ukitoweka, ubaya uko kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, mtazame kingpini. Kingpini zilizolegea ndizo mara nyingi hufanya magurudumu yatetemeke ovyo baada ya kugonga shimo, mpaka dereva ashindwe kuushika usukani.

Nne, kagua springi. Gari likiyumba kama mtumbwi, au likienda upande huku usukani umenyooka, huenda jani limevunjika au yubolti zimelegea. Kutu mpya nyekundu kandokando ya nati ni dalili kwamba chuma kinasugua chuma. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Vipimo visipolingana, yawezekana ekseli imehama mahali pake. Tazama na bushi za springi kama zimelika, na shokamzoba kama zinavuja mafuta.

Ukimaliza yote hayo, na kila kitu ni kizima, ndipo boksi lishukiwe. Tazama kwanza kama lina mafuta. Kulikaza ni kazi ya fundi, tena kidogo kidogo, magurudumu yakitazama mbele. Baadaye usukani uzunguke kushoto na kulia mpaka mwisho bila kukwama popote. Boksi lililokazwa kupita kiasi ili kuficha jointi mbovu hufanya usukani uwe mgumu kwenye kona, na meno yake huisha upesi. Hapo utanunua jointi, na boksi pia.

Neno moja zaidi. Usikubali fimbo ya usukani wala jointi ichomelewe. Chuma kilichochomelewa hukatika bila kuaga, na mahali pa kukatika hapachagui tambarare au mteremko. Jointi iliyolegea sana ibadilishwe kabla gari halijabeba hata gunia moja.

Kazi hii yote huchukua asubuhi moja. Ifanye kabla ya msimu wa pamba, si siku ya kupakia. Ukienda kwa fundi, usimwambie tu "usukani mbovu." Mwonyeshe alama yako ya chokaa, umwambie: "Fundi, nataka hii." Utalipia kilichoharibika, na kilichobaki cha fedha ya pamba kitarudi nyumbani.

Haya, ndugu mkulima. Chokaa, kamba, mawe na mwenzako mmoja.