Makala ya Ufundi Hulipwa kwa Kujaribiwa

Askari yeyote aliyewahi kushika zamu kituoni anaijua tofauti iliyopo kati ya ripoti ya mtu aliyefika mahali pa tukio na ripoti ya mtu aliyesimuliwa tu. Zote mbili huweza kuandikwa kwa hati nzuri, zikawa na tarehe, saa na sahihi. Lakini mbele ya hakimu, wakili aanzapo kuuliza maswali, moja husimama na nyingine huanguka. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayoitawala kazi moja iliyoenea sana tangu intaneti ilipoingia majumbani, nayo ni kazi ya kuandika makala za ufundi wa kompyuta kwa malipo.

Twaizungumzia kazi hii kwa sababu katika majeshi na polisi wamo watu wengi wenye ujuzi wa mitambo. Wapo mafundi wa mawasiliano, wapo watunza kumbukumbu, wapo wanaotengeneza kompyuta za ofisi zinapokataa kuwaka, na wengine miongoni mwao wamekaribia kustaafu. Watu hao husikia kwamba mtu aweza kuketi Gulu au Mbarara, akaandika makala, na mhariri aliye Marekani au Ujerumani akampelekea fedha ingawa hawajaonana kamwe. Habari hiyo ni kweli. Hata hivyo imezungukwa na uongo mwingi, na kwa hiyo yafaa ielezwe kinaganaga: ni nani hulipa, hulipia kitu gani, na ni wapi penye hatari.

NANI HULIPA?

Tovuti zichapishazo makala za ufundi hupata fedha kwa njia tatu kubwa, na mwandishi mwenye busara huijua njia ya tovuti anayotaka kuiandikia.

Njia ya kwanza ni ada ya wasomaji. Mfano wake mwema ni LWN.net ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Jonathan Corbet na Elizabeth Coolbaugh ili kutoa habari za Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Linus Torvalds wa Finland aliuanzisha mwaka 1991. Matangazo ya biashara hayakutosha kuilisha, na mwaka 2002 ilikuwa karibu kufungwa. Wasomaji wenyewe walipopata habari hiyo wakatoa michango, na tovuti ikaamua kuuza usajili. Makala mpya husomwa kwanza na waliolipa ada, kisha baada ya muda mfupi hufunguliwa kwa watu wote. Ada hiyo huwalipa wahariri wake na hata waandishi wa nje ambao mapendekezo yao yamekubaliwa.

Njia ya pili ni matangazo pamoja na kuuza vitabu na mafunzo. Katika kundi hili wamo SitePoint, iliyoanza Melbourne, Australia, mwaka 1999, na Smashing Magazine, iliyoanza Ujerumani mwaka 2006. Hizo zimejulikana sana kwa makala za kuwafundisha watu jinsi ya kutengeneza tovuti.

Njia ya tatu ni ya makampuni yanayouza huduma nyingine kabisa. DigitalOcean ya Marekani hukodisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti na programu za wateja. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilichapisha maelezo ya hatua kwa hatua, mengi yakiwa yameandikwa na watu wa nje waliolipwa, na katika mpango wake mmoja kila mwandishi aliyelipwa aliweza pia kuchagua shirika la hisani lipewe mchango. Msomaji huenda akadhani huo ni ukarimu mtupu, lakini hesabu yake ni nyepesi. Fundi aliyekwama hutafuta msaada katika intaneti, hukutana na maelezo hayo, huyafuata na kufanikiwa, na siku atakapohitaji kukodi seva hulikumbuka jina la aliyemsaidia.

Yapasa ieleweke kwamba milango hii hufunguliwa na kufungwa. Mwaka 2022 DigitalOcean iliinunua tovuti mashuhuri iitwayo CSS-Tricks, ambayo Chris Coyier aliianzisha mwaka 2007. Mwaka uliofuata makala mpya zikakatika kwa muda mrefu kabla ya kuanza tena. Basi mtu asiache mshahara wake kwa kutumaini mlango mmoja.

NAFASI TUPU MOJA

Sasa tuulize ni kitu gani hasa kinacholipiwa. Wengi hudhani ni ufasaha wa lugha au wingi wa maneno. Ufasaha husaidia, lakini makala ya ufundi si hadithi ya kusoma na kusahau. Msomaji wake huitii. Akiambiwa aandike amri fulani katika kompyuta yake, huiandika neno kwa neno, tena mara nyingi katika kompyuta yenye kazi ya ofisi nzima.

Madhara ya kosa dogo yalionekana mwaka 2011 katika programu iitwayo Bumblebee, iliyokusudiwa kusaidia kompyuta za mkononi zenye mitambo miwili ya picha zitumiapo Linux. Katika maagizo yake ya kuiweka programu hiyo kulikuwa na amri moja ya kufuta, ambayo ilipaswa kulenga folda ndogo iliyomo ndani ya folda kuu iitwayo usr. Baada ya jina hilo kuu iliachwa nafasi tupu moja kwa bahati mbaya. Kompyuta huihesabu nafasi tupu kuwa mwisho wa jina moja na mwanzo wa jina jingine. Kwa hiyo badala ya kufuta folda ndogo, ikafuta folda kuu yote, ambamo hukaa sehemu kubwa ya programu za mfumo. Watu walioiamini programu hiyo wakaona kompyuta zao zimeharibika.

Mpiga mizinga hahitaji kufundishwa zaidi juu ya jambo hilo. Tarakimu moja ikikosewa katika kuelekeza mahali, kombora haliulizi kama mwandishi alikuwa na nia njema.

Ndiyo maana wahariri walio hodari humtaka mwandishi aanze na kompyuta safi, aifuate kila hatua aliyoiandika, na aonyeshe kilichotokea. Kisha mtu mwingine huzirudia hatua hizo peke yake, bila kumuuliza mwandishi. Akikwama, makala hurudishwa. Mwandishi mwenye hasira huona amedharauliwa, lakini mwandishi aliyekomaa hushukuru, kwa kuwa aliyekwama ofisini kwa mhariri amewaokoa maelfu wasikwame baadaye.

MASHINE ILIPOPEWA KALAMU

Jambo hili limezidi kuwa zito tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoenea programu za kompyuta ziwezazo kuandika zenyewe. Wakati huo tovuti ya CNET, mojawapo ya tovuti kongwe za habari za teknolojia huko Marekani, ilianza kuchapisha maelezo ya mambo ya fedha yaliyoandikwa kwa msaada wa programu ya namna hiyo. Mwezi Januari 2023 jambo hilo likajulikana kwa watu, na makala zikaanza kuchunguzwa.

Katika makala moja ilielezwa kwamba mtu akiweka akiba ya dola 10,000 kwa faida ya asilimia 3 kwa mwaka, basi baada ya mwaka mmoja atakuwa amechuma dola 10,300. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuiona hitilafu hiyo. Dola 10,300 ni jumla ya akiba na faida, na faida yenyewe ni dola 300 tu. Lugha ya makala hiyo ilikuwa nzuri, isiyo na kosa la sarufi, lakini mtu aliyeiamini angeweza kuipanga akiba yake kwa ndoto. CNET ilizikagua makala zote 77 za namna hiyo, na ikatia masahihisho katika 41, mengine makubwa na mengine madogo. Mpango huo ukasimamishwa.

Funzo lake kwa mwandishi ni wazi. Maneno yaliyopangwa vizuri sasa yapatikana kwa bei ndogo mno. Kilichobaki na thamani ni ushahidi wa mtu aliyefanya jambo kwa mikono yake, akaliona likikataa, akatafuta sababu, akaliona likikubali. Yule aiombaye programu imwandikie, kisha akatia jina lake bila kujaribu hata hatua moja, anauza ushahidi asiokuwa nao. Njia ya mwongo ni fupi: siku mhariri atakapozirudia hatua zile, mwandishi huyo hataitwa tena.

UTARATIBU WA KAZI

Utaratibu wenyewe haupitani sana kati ya tovuti na tovuti. Kwanza husomwa masharti ambayo tovuti imewawekea waandishi. Pili hupelekwa pendekezo fupi, likitaja tatizo moja, msomaji anayelengwa, na sababu ya mwandishi kulijua tatizo hilo. Likikubaliwa, huandikwa muhtasari, kisha rasimu, kisha masahihisho, ambayo huenda yakarudiwa mara mbili au tatu. Mara nyingi malipo hutolewa baada ya makala kukubaliwa au kuchapishwa, na zipo tovuti zinazomtaka mwandishi alete ankara.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, mambo manne yaulizwe na majibu yapatikane kwa maandishi. Kiasi cha malipo ni kipi, nacho huhesabiwa kwa makala nzima au kwa maneno? Fedha zitapita njia gani, na je, njia hiyo hupokea watu wa nchi yetu? Makala ikikataliwa baada ya kazi kufanyika, kuna fidia? Tena hakimiliki itakuwa ya nani? Mikataba mingine huichukua haki yote, hata mwandishi asiweze kuichapisha kazi yake mahali pengine, na mingine humwachia. Kampuni ya Marekani huenda ikamtaka mtu wa nje ajaze fomu iitwayo W-8BEN, ambayo huthibitisha kwamba yeye si mtu wa Marekani kwa mambo ya kodi. Ombi hilo si hila. Hata hivyo fomu ijazwe kwa kweli, na kodi ya nyumbani isisahauliwe.

Dalili za ulaghai nazo zajulikana. Mwajiri wa kweli hamwombi mwandishi ada ya usajili, wala hamwambii anunue akaunti ya mtu mwingine ili aandike kwa jina lisilo lake. Vilevile, mtu atakaye makala tatu nzima za majaribio bila kulipa huwa keshapata makala tatu za bure.

MWIKO WA ASKARI

Aliye katika utumishi ana wajibu wa ziada. Kwanza, apate idhini ya mkuu wake kwa kadiri ya kanuni za utumishi kabla ya kufanya kazi ya malipo nje ya jeshi au polisi. Pili, asitumie kompyuta, mtandao wala muda wa kazi ya serikali. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, asitoe mfano kutoka katika mitambo ya kazini kwake.

Wengine hudhani siri ni ramani na hesabu ya silaha tu. Mwezi Januari 2018 ilionekana vingine. Kampuni ya Strava, ambayo programu yake huhifadhi njia za watu wanaokimbia au kuendesha baiskeli kwa mazoezi, ilikuwa imechapisha ramani ya dunia yenye kuonyesha njia hizo zote kwa mng'ao. Katika nchi za vita, ambako raia wachache waliitumia, mng'ao huo ulichora mipaka ya kambi za askari wa kigeni na njia walizozoea kukimbia. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Picha ya kioo cha kompyuta katika makala yaweza kufanya hivyo hivyo, kwa kuonyesha jina la mtambo, anwani yake katika mtandao, au programu ya zamani isiyorekebishwa. Kwa hiyo mifano yote itoke katika kompyuta ya mwandishi mwenyewe, nyumbani kwake, iliyoandaliwa kwa kazi hiyo.

Mtu atakaye kuanza asitafute jambo kubwa la kuustaajabisha ulimwengu. Na achague tatizo moja dogo alilolitatua kwa mikono yake: jinsi ya kuokoa mafaili katika diski iliyoharibika, jinsi ya kuunganisha kompyuta mbili bila intaneti, jinsi ya kuitumia mashine ya zamani yenye nguvu kidogo. Na aziandike hatua zake, ampe jirani asiyezijua, kisha akae kimya amtazame akizifuata. Mahali jirani atakapokwama, hapo ndipo penye kazi. Akifika mwisho bila kuuliza swali, makala hiyo iko tayari kwenda kwa mhariri.