Mabosi Wawili kwa Mfanyakazi Mmoja: Muundo wa Matriksi katika Kampuni za Teknolojia

Kampuni ya teknolojia ikishaanza kukua, swali moja huja lenyewe: wataalamu wake wakae wapi? Tuseme kampuni ina programu ya simu yenye huduma tatu, yaani malipo ya dukani, mikopo na akiba. Kila huduma inahitaji mtu wa Android, mtu wa iPhone, mtu wa seva, msanifu wa muonekano na mpimaji wa ubora. Ukiwapanga kwa taaluma, watu wa Android idara hii na watu wa seva idara ile, kila kazi ya mikopo itapanga foleni kwenye idara tano. Ukiwagawa kwa huduma, foleni inaisha, lakini mtu wa Android wa mikopo anabaki mpweke. Hana wa kumkagulia kazi, wala hajui kwamba mwenzake wa akiba alishalitatua tatizo lile lile wiki iliyopita.

Muundo wa matriksi unajaribu kuyapata mazuri ya pande zote mbili. Mfanyakazi anashinda na timu ya huduma, ambako msimamizi wa bidhaa hupanga kazi ipi itangulie. Papo hapo ni mmoja wa kundi la taaluma yake, lenye mkuu anayesimamia viwango vya kazi, mafunzo na, mara nyingi, nyongeza ya mshahara. Ukiuchora kwenye karatasi, timu zinashuka wima, taaluma zinakatiza kwa mlalo, na kila mfanyakazi yuko pale mistari miwili inapokutana.

Mpango huu una umri mkubwa kuliko programu za simu. Ulienea kwanza katika viwanda vya Marekani vya ndege na vyombo vya anga, miaka ya 1950 na 1960. Serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa mteja mkuu, ilitaka kila mradi uwe na mtu mmoja wa kuulizwa, na viwanda navyo havikutaka kuzivunja idara zao za wataalamu. Baadaye ulipelekwa mbali zaidi. Kampuni ya ABB, iliyozaliwa 1988 kwa muungano wa Asea ya Uswidi na Brown Boveri ya Uswisi, iliwapa mameneja wa kampuni zake tanzu wakubwa wawili, mmoja wa nchi na mwingine wa aina ya biashara duniani kote. Kwa miaka kadhaa ilisifiwa kila mahali. Mwaka 1998 ikauacha mpango huo.

Kwa vijana wa teknolojia, jina linalotajwa zaidi ni Spotify, kampuni ya muziki ya Stockholm. Oktoba 2012 Henrik Kniberg na Anders Ivarsson walieleza namna wahandisi wake walivyopangwa, wakati ule wakiwa na timu zaidi ya 30 katika miji mitatu. Timu ndogo iliitwa kikosi. Vikosi vinavyofanya kazi zinazokaribiana vilifanya kabila, na kabila halikutakiwa kuzidi watu 100 hivi. Ndani ya kabila, wataalamu wa fani moja walikuwa na tawi lao, na kiongozi wa tawi ndiye aliyekuwa bosi wao rasmi, ingawa yeye mwenyewe alibaki akifanya kazi ndani ya kikosi. Waandishi hao walisema wazi kuwa hiyo ni matriksi, ila imeegemea upande wa kutoa bidhaa: kikosi kinaamua nini kifanyike, tawi linasimamia namna ya kukifanya. Wakaonya pia kwamba ni picha ya wakati ule tu, maana kampuni ilikuwa bado inabadilika. Onyo hilo halikusikika. Mwaka 2015 benki ya ING ya Uholanzi iliwapanga upya wafanyakazi wapatao 3,500 wa makao yake makuu katika vikosi kama 350 na makabila 13, na kampuni nyingi zikafuata njia hiyo hiyo.

Faida zake ni za kweli, na kubwa kuliko zote ni kwamba anayeitathmini kazi ya mtu anaijua kazi hiyo. Mhandisi wa seva akipimwa na mtu aliyewahi kuandika programu za seva, ataambiwa alipokosea na atakua. Kampuni nayo inaweza kumhamisha mtaalamu kutoka huduma moja hadi nyingine bila kumbadilishia bosi, jambo linalosaidia sana pale bidhaa moja inapofungwa na nyingine kuanzishwa.

Sasa tazama inapouma. Mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba Kotlin ndiyo lugha itakayotangulizwa katika kutengeneza programu za Android. Mkuu wa taaluma ya Android, kwa haki kabisa, anataka sehemu za zamani zilizoandikwa kwa Java zianze kubadilishwa, kwa sababu kila mwezi unaopita unaongeza ugumu. Msimamizi wa bidhaa, naye kwa haki kabisa, anataka huduma mpya ya mikopo iwe sokoni kabla ya mwisho wa mwezi. Wote wawili wanampigia simu mhandisi yule yule, kijana wa miaka 25 mwenye mwaka mmoja kazini. Kila mmoja anamwambia kazi yake ndiyo ya kwanza. Kijana anafanya moja mchana na nyingine usiku. Tathmini ya mwisho wa mwaka ikifika, anayeijaza ni yule ambaye hakumuona akifanya kazi ya kila siku.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Ugomvi kati ya mteja wa leo na ubora wa kesho upo katika kila kampuni. Matriksi inaupa kila upande msemaji wake, na hilo ni jema. Lakini isipoonyesha njia ya kuumaliza, ugomvi wa wakubwa unateremka hadi kwa mfanyakazi wa chini kabisa, asiye na mamlaka ya kuuamua. Jeremiah Lee, aliyekuwa mfanyakazi wa Spotify, aliandika 2020 kwamba tatizo lilikuwa hapo hasa: wahandisi wa kikosi kimoja walikuwa na mabosi tofauti, kwa hiyo wakikosa kuelewana, msimamizi wa bidhaa hakuwa na mkuu mmoja wa uhandisi wa kuzungumza naye. Shauri lililazimika kupanda ngazi baada ya ngazi.

Wala ukubwa haulazimishi matriksi. Steve Jobs aliporudi Apple mwaka 1997, kampuni ikiwa na watu wapatao 8,000, aliwaondoa mameneja wakuu wa vitengo na kuipanga yote kwa taaluma, mtaalamu akiongozwa na mtaalamu. Ilikua hadi watu zaidi ya 130,000 ikiwa na mpango huo huo. Gharama yake ni kwamba maamuzi mengi yanayogusa bidhaa nzima hupanda hadi juu kabisa.

Kwa kampuni yenye wahandisi 20 au 30 wanaojuana kwa majina, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Kigali, ushauri wangu ni kuiacha matriksi. Kikao kimoja cha fani kwa wiki, pamoja na desturi ya kukaguliana kazi, vinatosha kuwaunganisha watu wa Android bila kuwaongezea bosi. Kampuni kubwa inayoihitaji kweli iandike, kabla ya kuchora mchoro wowote, nani ana neno la mwisho juu ya ratiba, ubora, likizo na mshahara. Tathmini ijazwe na wakuu wote wawili. Wakigongana, awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kuamua ndani ya siku mbili.

Nawe unayekwenda kwenye usaili wa kazi katika kampuni ya namna hii, waulize wanaokuhoji: wakuu wangu wawili wakitofautiana, nani anaamua? Ukipewa majibu mawili tofauti, usitie saini mkataba mpaka wakubaliane.