Maji yakipungua Naivasha, waridi halifiki Ulaya

WARIDI linalokatwa Naivasha husafiri katika lori lenye baridi hadi Nairobi, likapakiwa ndegeni na kuuzwa Uholanzi siku chache baadaye. Wafanyabiashara wanapokadiria hatari za safari hiyo, hutaja bei ya mafuta, migomo na uhaba wa ndege za mizigo. Ni nadra kutaja kiungo cha kwanza cha mnyororo huo, yaani maji.

Ukame wa 2009 uliwakumbusha. Kina cha Ziwa Naivasha kilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeshuhudiwa kwa miongo kadhaa, na mapema 2010 samaki wengi wakafa ziwani. Wanunuzi wa ng'ambo nao wakataka kujua iwapo maua wanayouza ndiyo yanayolikausha ziwa hilo.

Jibu halikuwa rahisi. Ziwa hilo, ambalo tangu 1995 limeorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar unaolinda maeneo oevu, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Malewa, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Kabla ya kufika ziwani, baadhi ya maji hayo huelekezwa katika miji ya Nakuru na Gilgil, na mengine hunyunyizia mashamba madogo. Ziwani kwenyewe, mashamba ya maua huyagawana na mitambo ya kawi ya mvuke ya Olkaria.

Kwa hivyo, kampuni yaweza kuwa na kibali halali na pampu imara, lakini ikaangamizwa na mambo yanayotendeka mbali na ua lake. Mkulima wa mlimani akikata miti na kulima hadi ukingoni mwa mto, udongo humomonyoka na kuishia ziwani.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua rasilmali inatoka wapi na nani mwingine anaitegemea. Ya pili ni kupunguza matumizi. Mashamba kadhaa yalianza kunyunyizia kwa matone, kukinga maji ya mvua kwenye mapaa ya vivungulio na kuyatumia tena yaliyokwisha kupita kwenye mizizi.

Hata hivyo, anayeweka akiba peke yake hapati faida ikiwa jirani anateka bila kipimo. Ndiyo maana Sheria ya Maji ya 2002 ilitoa nafasi kwa vyama vya watumiaji maji, na Naivasha ukaandaliwa mpango wa kugawa maji kulingana na kina cha ziwa: kikishuka, kila mtumiaji hupunguziwa.

Hatua nyingine ilikuwa kuwalipa walio juu. Wakulima wa Malewa waliopanda miti na kanda za nyasi kuzuia mmomonyoko walipewa vocha za kununulia pembejeo. Nyasi hizo pia ziliwafaa kwa malisho ya ng'ombe.

Mnamo 2020 mambo yaligeuka. Mvua kubwa ililifurisha ziwa, na wakazi wa mtaa wa Kihoto wakahama makwao. Hilo halikufuta funzo la 2009, kwani ukame hurudi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mnunuzi wa Ulaya akikosa waridi la Naivasha, atatafuta la Ethiopia. Kibarua wa Naivasha, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayelipia watoto karo, hana shamba jingine la kukimbilia.