Goma: Kuhamisha faili za kompyuta ya zamani bila kupoteza kazi ya miaka

Katika sekretaria na studio za picha za mji wa Goma, jimboni Kivu Kaskazini, kompyuta moja inaweza kubeba kazi ya miaka kumi: mikataba ya kuuza viwanja, barua za wateja, kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi, picha za harusi na za matanga. Ikianza kuchoka, mwenyewe hutafuta nyingine, mara nyingi ya mkono wa pili. Siku hiyo ya kuhamisha faili ndiyo siku ya kuwa mwangalifu, kwa sababu haraka ya saa moja inaweza kufuta yote.

Wakaaji wa Goma wanajua kupoteza kumbukumbu ni nini. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikiunguza nyumba, maduka na ofisi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano hiyo kulipuka tena, wakaaji wa kata 10 za mji waliamriwa kuondoka, na wengi walibeba tu kile mikono iliweza kubeba. Diski ndogo ya nje inaingia mfukoni, ila haina faida kama faili zilizo ndani hazifunguki.

Kukopi, si kukata

Kwenye kompyuta zenye Windows ya Kifaransa, kuna maneno mawili yanayokaa jirani: "Couper" na "Copier". La kwanza hukata faili na kuitoa mahali ilipokuwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, sehemu moja inabaki kwenye diski ya zamani na nyingine iko kwenye diski mpya, na hakuna anayejua mpaka uko wapi. La pili huacha faili ya kwanza mahali pake. Kwa hiyo kukopi ndiyo njia salama.

Muda nao unahesabiwa mapema. Tundu la zamani la USB 2.0 hupitisha megabaiti kama 30 kwa sekunde. Faili za gigabaiti 500 zitachukua zaidi ya saa nne. Katika mji ambamo umeme hukatika bila kutoa habari, kompyuta yenye batri nzima au inayotumia batri za sola inafaa zaidi. Na diski haichomolewi kabla ya kompyuta kukubali kwamba kazi imekwisha.

Ikiwa diski mpya imetayarishwa kwa mfumo wa FAT32, itakataa faili yoyote inayozidi gigabaiti 4, kwa mfano video ndefu ya harusi, hata kama ina nafasi tupu. Mfumo wa NTFS au exFAT unaondoa kizuizi hicho. Lakini kubadili mfumo kunafuta diski, kwa hiyo hufanywa kabla ya kuweka kitu chochote ndani.

Vitu vinavyosahaulika

Alama nyingi zinazoonekana kwenye meza ya kompyuta ni njia za mkato tu. Mtu akikopi alama yenye kilobaiti mbili, amebeba kibao cha njia, nyumba imebaki. Programu za hesabu nazo mara nyingi huweka data katika folda yao, mbali na "Documents". Programu zenyewe hazihami kwa kukopiwa, lazima ziwekwe upya.

Baada ya kukopi, kazi inabaki nusu. Mwenye kompyuta anafungua "Propriétés" za folda ya zamani na ya mpya, analinganisha hesabu ya faili na ukubwa wake. Namba ya kulinganisha ni "Taille", kwani "Taille sur le disque" inaweza kutofautiana hata kama hakuna kilichopotea. Kisha anafungua faili chache: ya kwanza, ya katikati, ya mwisho, na video moja hadi mwisho wake.

Diski ikianza kugonga

Diski ya zamani ikitoa sauti ya kugonga-gonga, ni ishara mbaya. Ndani yake, kichwa kinachosoma data huelea juu ya sahani inayozunguka, kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kuiwasha na kuizima mara kwa mara kunaweza kuikwaruza zaidi. Kuifungua katika atelye ya kawaida, ambamo vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali, kunaweza kuimaliza kabisa. Kama bado inasoma, faili muhimu zaidi zikopiwe kwanza, video za sinema zingoje.

Diski ya zamani haiuzwi wiki ile ile. Inawekwa kando hadi mwenyewe afanye kazi muda fulani na ile mpya na kuona kwamba hakuna kinachokosekana. Hata baada ya hapo, nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki wa kuaminika.

Na siku ya kuuza, kumwaga takataka ya kompyuta hakutoshi: programu za bure kama PhotoRec zinaweza kurudisha picha zilizofutwa. Kwa diski ya kawaida, formati kamili, bila kuchagua "Formatage rapide", huandika sufuri juu ya data yote. Bila hiyo, mikataba na picha za wateja zinakwenda sokoni pamoja na kompyuta.