Si Kila Tumbo Linalowaka Lina Vidonda

Mkazi afikapo zahanati akilalamika kwamba tumbo linawaka, limejaa gesi au chakula hakisagiki, mara nyingi huwa amekwisha kuupa ugonjwa wake jina: vidonda vya tumbo. Jina hilo huponza, kwa maana humfanya mgonjwa aombe dawa badala ya kueleza hali yake.

Tabibu huhitaji maelezo. Je, maumivu yako kwenye chembe cha moyo, au yanapanda kifuani hadi kooni kama kiungulia? Huja baada ya kula, au usiku tumbo likiwa tupu? Swali linalopuuzwa zaidi ni la dawa. Mkulima aliyeinama shambani na mfugaji aliyeswaga mifugo kutwa hununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo na magoti. Dawa hizo hudhoofisha utando unaolinda tumbo na zaweza kuleta vidonda vya kweli. Magadi nayo yatajwe. Hupoza asidi kwa muda tu, na chumvi yake haimfai mwenye shinikizo la damu.

Zipo dalili zisizosubiri siku ya gulio: kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kinapomezwa. Hiyo ya mwisho isidharauliwe, kwani saratani ya umio huonekana sana Afrika Mashariki. Mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma huweza kupata choo cheusi bila kuvuja damu. Hata hivyo, aamue tabibu. Wenye dalili hizi huweza kupewa rufaa ya kipimo cha kamera, kama kile cha KCMC, Moshi. Maumivu yanayoambatana na jasho jingi na kubanwa pumzi huenda ni ya moyo, wala si ya tumbo.

Wasio na dalili hizo huweza kupimwa bakteria Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren nchini Australia mwaka 1982. Kipimo cha kinyesi huonyesha kama yumo sasa. Kile cha kingamwili katika damu huweza kusoma chanya miezi mingi baada ya kupona, na ndiyo maana wapo wanaotibiwa tena na tena bila haja. Omeprazoli huweza kumficha bakteria huyo. Kwa maelekezo ya tabibu, huachwa wiki 2 kabla ya kipimo cha kinyesi, na antibiotiki wiki 4. Anayetoka mbali, kama Endulen au Mang'ola, aulize hilo mapema kabla ya kulipa nauli, na abebe maganda ya dawa zote alizotumia.